Pole za Barabara ya Isoka

Mimi sikuomba kwenda. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia kwamba niliwahi kutembea kwa miguu hadi ndani kabisa ya Zambia katika matembezi ya hisani, hunitazama kama mtu aliyekuwa na moyo mkubwa. Miezi ile sijui hata kama nilikuwa na moyo. Nilikula nikiwekewa chakula na nililala nikiona wenzangu wamelala. Aliyenitoa niende ni mama mkwe wangu, na hakutumia maneno mengi.

Ilikuwa miaka ile ya foleni za sabuni. Kijiji chetu kiko upande wa Itaka, na tulikuwa tumejenga chumba cha kujifungulia kwa nguvu zetu wenyewe. Wanaume walifyatua matofali, wanawake tulisomba maji na mchanga, kuta zikasimama hadi juu. Mabati ndiyo hayakupatikana. Hayakuwepo kwenye duka la ushirika, hayakuwepo Vwawa, na Mbeya ukiyaulizia mwenye duka alikuangalia kama mtu aliyetoroka mahali. Mvua za mwaka wa kwanza zikanyesha ndani ya kuta zetu, za mwaka wa pili zikaanza kuyala matofali.

Ndipo kanisa moja la upande wa pili wa mpaka, ndugu zetu wa imani, likatuletea habari. Walikuwa na matembezi yao ya hisani. Watu wao waliofanya kazi migodini huko kusini walikuwa tayari kuahidi kitu kwa kila mtu atakayetembea kutoka mpakani hadi kwenye misheni yao, mbali kupita Isoka. Kwa ajili yetu wangeahidi mabati. Kila atakayefika kwa miguu angepewa fungu lake, na atakayepanda gari njiani angekuwa ametembea bure.

Habari hiyo ilizua mabishano ya wiki nzima. Baba mkwe wangu alisimama mkutanoni akasema, "Mimi nimelima tangu nipate akili na sijapewa hata msumari. Leo mtu apewe mabati kwa kutembea? Tena reli ipo?" Mwinjilisti wetu, kijana mpole ambaye ndiye angetuongoza, alimweleza kwamba anayetoa mabati hanunui miguu ya mtu, anataka kuona umetaabika kwa ajili ya jambo lako. "Basi aje aone shamba langu," baba mkwe akamjibu, akakaa. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza.

Hata hivyo ikapitishwa. Mjumbe wa nyumba kumi akaanza kupita akitafuta mtu mmoja kila nyumba, na hapo ndipo tabu ilipoanza, kwa kuwa ulikuwa wakati wa kahawa kuiva. Wanaume hawakutoka mashambani. Wanawake karibu wote walikuwa na watoto wa kubeba. Alipofika kwetu alimkuta mama mkwe anatandaza kahawa kwenye kichanja, mimi niko pembeni nachambua mbovu.

"Mchukueni huyu," mama mkwe akasema bila kuinua kichwa. "Mgongo wake mtupu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema vile mtu anavyosema debe hili halina maji, tumieni hili. Mjumbe akaniangalia kidogo, akaangalia chini, akaondoka. Nami nikaendelea kuchambua kahawa.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa amezaliwa masika yale, nyumbani, mikononi mwa mama mkwe huyohuyo. Alizaliwa akilia vizuri. Baada ya siku chache akaacha kunyonya, taya zikakaza, mwili ukawa mgumu kama ubao. Mume wangu aliazima baiskeli, akanipakia nyuma na mtoto kifuani, tukaifuata hospitali. Barabara ilikuwa tope tupu, na sehemu nyingi tulishuka tukasukuma. Hatukufika. Nilijua kabla ya mume wangu kujua, na nilinyamaza kwa mwendo mrefu kidogo kwa sababu sikutaka baiskeli igeuzwe.

Kwetu wakati ule, mtoto aliyeondoka kabla kitovu hakijadondoka hakuhesabiwa msiba. Alikuwa mgeni, na watu walisema mgeni amerudi. Wanawake wazee ndio waliomzika, kwenye migomba nyuma ya nyumba, wanaume wakiwa mbali. Hakukuwa na matanga wala kulala chini, wala majirani kuja na mafungu ya kuni. Na mama hakuambiwa pole. Kumwambia pole ni kukubali kwamba alikuwapo mtu. Akikubali hivyo atalia, na machozi, bibi zetu waliamini, yanafunga tumbo lisishike tena. Mama mkwe ndiye aliyemzika wangu. Aliporudi alinawa mikono, akaniambia, "Usilie," na asubuhi akanipa jembe.

Nikalima. Sikulia, si kwa utii, bali kwa sababu hakikuja kitu. Kifua nilikifunga kitambaa mpaka maziwa yakakauka, na mengine yote yakakauka nayo. Nilijua ninachokitaka, na kilikuwa kidogo sana: mtu mmoja aniambie pole. Kijijini kwetu ukiunguza maharage unapewa pole. Ukijikwaa unapewa pole na mtu aliye ng'ambo ya korongo, asiyejua hata umejikwaa kwenye nini. Mpini wa jembe la jirani ulivunjika mwezi uleule, na nilisikia kwa masikio yangu watu wakimpa pole ya mpini. Mimi nilipita katikati yao wakanisalimia habari za asubuhi.

Basi hivyo ndivyo nilivyokuwa nilipoingia katika matembezi ya hisani. Tuliondoka alfajiri yenye baridi ya kuuma masikio, kundi la kutosha kujaza kanisa dogo, na watu wakatusindikiza wakiimba mpaka njia panda. Tulilala njiani, siku iliyofuata tukapita Mpemba, na jua likielekea kuzama tukaingia Tunduma. Huko akajiunga nasi mtu ambaye mwinjilisti alikuwa amemwomba atuongoze. Alikuwa dereva wa malori, Mwislamu kutoka Kondoa, aliyekaa Tunduma miaka mingi. Gari lake lilikuwa juu ya mawe likisubiri matairi, na yeye alisema afadhali atembee na Wakristo kuliko kukaa kulitazama. Alijua Kibemba kama mtu aliyezaliwa nacho, au ndivyo alivyotuambia.

Aliyetembea kando yangu alikuwa jirani yangu, mwanamke wa makamo, watoto wake wakubwa wamebaki na baba yao. Alikuwa na mdomo usiopumzika. Tulipovuka tu na kuingia Nakonde alisimama mbele ya duka lenye sabuni zimepangwa hadi juu, akavuta pumzi, akasema, "Ngoja kwanza ninuse, nitasimulia." Treni ilipotupita, abiria wakitupungia mikono madirishani, alipaza sauti akawaambia wasitucheke, sisi tunafanya mazoezi ya kuwa matajiri. Kisha akanigeukia: "Nauli tungechangiwa, saa hizi tumeshafika, tumelala." Wote walicheka. Mimi nilijua pale ndipo pa kucheka, nikafungua mdomo.

Baada ya hapo reli ilishika njia yake na sisi yetu. Barabara ilikuwa ndefu, imenyooka, miti pande zote mbili, na vumbi la kila lori lilichukua muda mrefu kutua. Watu walianza kuchechemea. Jioni kwenye makanisa tuliyolala ilikuwa ni kutoboa malengelenge, kupaka mafuta, kulalamika. Mimi nilivua viatu vyangu vya mpira, nikaona damu kwenye vidole, nikavitazama kama vidole vya mtu mwingine. Mwinjilisti aliniona. Kesho yake katika sala ya asubuhi akanitolea mfano: "Mtazameni dada yetu huyu. Damu inamtoka na halalamiki." Watu wakasema amina. Nilimwacha aseme, ila hakukuwa na ushujaa wowote pale. Nilikuwa na ganzi, basi. Ungenichoma mwiba, wewe ndiye ungeshtuka.

Hadi Isoka nilikuwa nasikia watu. Huko Kinamwanga kinazungumzwa pande zote mbili za mpaka, na Kinyiha chetu ni ndugu yake, kwa hiyo salamu za njiani zilinifikia bila mkalimani. Tulipokwisha kuipita Isoka tukaingia kwa Wabemba, mambo yakabadilika. Nilianza kusikia lugha kwa mbali tu, kama mazungumzo ya chumba cha pili. Dereva alikuwa mbele na mwinjilisti, jirani yangu alikuwa amerudi nyuma kumsaidia mwenzetu mwenye goti bovu, na mimi nilikuwa peke yangu katikati.

Mwanamke mmoja alitokea porini na mzigo wa kuni kichwani. Alikuwa mtu mzima, umri wa mama mkwe wangu. Aliponifikia alisimama, akaupinda mwili kidogo chini ya ule mzigo, akanitazama usoni.

"Mwapoleni," akasema.

Nikasimama. Maneno mengine ya nchi ile yalikuwa yakinipita, lakini hili nililisikia lote. Poleni. Alikuwa ameniambia pole, tena pole ya heshima, ya wingi, kama anayoambiwa mfiwa mwenye ukoo nyuma yake.

"Asante," nikamjibu. "Asante, mama. Nimeshapoa."

Akaitikia kwa kichwa, akasema kitu kingine kifupi, akaenda zake na kuni zake. Mimi nilibaki pale barabarani. Nilifikiri, nani kamwambia? Nikamshuku jirani yangu na mdomo wake, halafu nikakumbuka kwamba hajui Kibemba hata neno la kuombea maji. Basi nikafikiri ananiona tu. Pengine mwanamke aliyezaa hana budi kuonekana kwa mwanamke mwenzake, kwa anavyotembea, kwa anavyofunga kanga kifuani, na hawa wa nchi hii hawaogopi kusema wanachokiona.

Sijaenda mbali, wanawake wawili waliokuwa wakipepeta mtama nje ya nyumba wakainua vichwa. "Mwapoleni mukwai!" Nikawajibu asante, nimeshapoa. Mzee mmoja juu ya baiskeli, mwanaume, akapunguza mwendo na kuvua kofia. Mwapoleni. Mwanaume! Kwetu mwanaume angekata shauri kupita shambani kwa watu kuliko kukutana na mimi siku zile. Kisimani, wasichana wenye ndoo: mwapoleni. Kila mtu. Nilipita katika nchi nzima inayonipa pole ya mwanangu, na niliwajibu mmoja mmoja, nikisimama kwa kila mmoja kama ilivyo adabu ya mfiwa.

Mchana ule miguu ilianza kuniuma. Nasema ilianza, ingawa vidonda vilikuwa vya siku kadhaa. Nilihisi kidole kwanza, kisha kisigino, kisha yote miwili ikawaka moto mpaka nikashika mti. Nilipoweka begi chini bega nalo likauma. Baridi ya jioni ilipoingia niliisikia, nikajifunika, nikaona njaa. Macho yalibaki makavu. Lakini kitu kilikuwa kinanirudia kidogokidogo, kwa maumivu, na sikukichukia. Jioni ile jirani yangu alisema neno kuhusu ugali wao mweupe, nikacheka kabla sijakumbuka kucheka. Alinigeukia haraka, akanitazama.

Siku mbili nilitembea hivyo. Nilianza kuwa wa mwisho, kwa kuwa nilisimama kwa kila mtu. Mwinjilisti, aliyekuwa ananisifu, sasa alianza kunikumbusha kwa upole kwamba misheni haitatufuata tulipo. Hatimaye akamtuma dereva akae nyuma, anisukume.

Dereva alitembea nami akipiga mluzi. Bibi mmoja alikuwa ameketi kando ya barabara akiuza viazi vitamu vya kuchemsha. Akapiga makofi mepesi, ndivyo walivyosalimia watu wa huko, akasema, "Mwapoleni mukwai."

"Asante, bibi," nikasema. "Nimeshapoa."

Dereva akaacha mluzi. "Umesema nini?"

"Nimemjibu."

"Umemjibu nini, dada yangu?" Alikuwa tayari anatabasamu. "Nimeshapoa? Unajua kakwambia nini?"

"Kanipa pole."

Akacheka. Si kicheko kibaya. Alikuwa mtu mchangamfu, na jambo lenyewe, ukilitazama kwa nje, linachekesha. Alishika kiuno, akamweleza yule bibi kwa Kibemba, na yule bibi naye akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakitikisika. "Hiyo ni salamu, dada! Hujambo, habari ya safari, basi, ndiyo mwapoleni. Unaitikia 'eya mukwai', ndiyo ya heshima, unapita. Sasa wewe siku zote hizi unawaambia watu umeshapoa! Umepoa nini?"

Nilikaa chini. Sikuanguka, nilikaa tu, pale kwenye vumbi, karibu na viazi. Nikayapitia yote kichwani: mwanamke wa kuni, wapepeta mtama, mzee aliyevua kofia. Walikuwa wananisalimia. Kumbe hakuna hata mmoja aliyekuwa ameona kitu.

"Umechoka?" dereva akauliza.

"Nilidhani wananipa pole ya mwanangu," nikasema.

Nilisikia neno hilo likitoka. Sikuwa nimewahi kulisema. Nyumbani tulisema mgeni, au tulisema lile jambo, na mume wangu hakusema chochote. Dereva naye aliacha kucheka palepale, akachuchumaa mbele yangu.

"Mwanao yupi?"

Nikamweleza kwa maneno machache, baiskeli na tope na migomba. Alisikiliza akikuna ardhi kwa kijiti. Kisha akasema kwamba kwao mtoto akilia mara moja tu, akafa, huyo ni maiti kama maiti nyingine. Anaoshwa, anasaliwa, watu wanakaa. Alisema hivyo taratibu, hakutaka kunikosoa. Akafungua mdomo, na nilijua kinachofuata.

"Usiniambie," nikamwahi.

"Kwa nini?"

"Hukumwona."

Sikuwa nimelipanga jibu hilo, lakini ndilo lililokuwa kweli, na nililijua lilipotoka. Pole za barabarani nilikuwa nimezipokea nyingi, na zote zilikuwa hewa. Aliyemwona mwanangu alikuwa mmoja. Alimpokea akitoka, akamfunga kitovu, akamzika. Mume wangu alimwona akiwa kwenye nguo tu. Kama kuna mtu wa kunipa pole, ni yule aliyeniambia nisilie.

Lori likaja kutoka kusini likielekea mpakani, na mwinjilisti, aliyekuwa amerudi nyuma kutafuta kulikoni, akalisimamisha. Alidhani naumwa. Akasema hakuna aibu, dereva wa lori yuko tayari kunifikisha Nakonde, fungu langu la mabati Mungu atajua. Nilitazama lile lori. Kusema kweli nilitaka kupanda. Ningefika nyumbani mapema na ningemkabili mama mkwe hasira ikiwa bado mbichi.

Maana nilikuwa na hasira. Miezi mingapi sikuwa nimehisi kitu, na cha kwanza kunijia kamili kilikuwa hasira, na ilikuwa tamu. Hiyo ndiyo iliyonisimamisha. Nikaona nikirudi kwa lori nitarudi yuleyule, mtu wa kutumwa kwa sababu hana mzigo. Nikamwambia mwinjilisti asante, nitatembea. Yule bibi akaninyooshea kiazi bila kutaka chochote, nikakipokea, nikala kikiwa cha moto.

Sehemu iliyobaki niliitembea nikiumia kila hatua, na nililalamika kuliko wote. Jirani yangu alifurahi, akasema sasa amepata mwenzake. Watu wa njiani waliendelea kuniambia mwapoleni. Niliwaitikia eya mukwai, nikapita. Mara nyingine, nikiwa nimechoka, sikio lilinidanganya tena kwa nukta moja, halafu nikajua.

Tulifika misheni mchana. Walipiga ngoma, wakatuosha miguu katika mabeseni, askofu wao akahutubia muda mrefu. Mabati yalikuwa yamepangwa kando ya kanisa, yanameta, na tuliambiwa ni yetu. Watu wetu walilia kwa furaha. Mwinjilisti alilia waziwazi kama mtoto. Niliyatazama yale mabati nikafikiria mvua ikiyapiga na mwanamke amelala chini yake. Nilifurahi kwa ajili ya mwanamke huyo, kwa kadiri nilivyoweza.

Tulirudi juu ya lori la kanisa, tumekaa juu ya mabati. Habari zilikuwa zimetutangulia. Kutoka njia panda hadi kijijini watu walikuwa wamejipanga, vigelegele, matawi, mwenyekiti amevaa shati jeupe, na wote wanapiga kelele ileile: "Poleni na safari! Poleni! Poleni sana!" Jirani yangu alikuwa anapunga mikono pande zote mbili kama kiongozi wa nchi. Mimi nilishuka kwa shida, kwa kuwa miguu ilikuwa imevimba. Kila mtu alinishika mkono na kunipa pole. Pole na vumbi, pole na baridi, pole na miguu. Mjumbe wa nyumba kumi alinipa pole mara mbili.

Mama mkwe hakuja barabarani. Nilimkuta uani, amebandika maji. Alikuwa anahudhuria kisomo cha watu wazima mwaka ule na alipenda kutumia Kiswahili chake siku zenye uzito, basi akasimama wima, akaifuta mikono kwenye kanga, akasema kwa Kiswahili, "Pole na safari, mwanangu."

Akanikalisha kwenye kigoda. Akamimina maji ya uvuguvugu katika beseni, akaipokea miguu yangu mwenyewe, mmoja mmoja, akaitumbukiza. Alipoona visigino aliguna. "Pole," akasema tena. "Pole na miguu."

Hasira niliyokuwa nimeibeba kutoka kwenye viazi vya yule bibi ilikuwa imepungua njiani, juu ya lori. Nilikuwa nimechoka tu. Nikasema kwa Kinyiha, ili pasiwe na kosa la lugha.

"Mama, miguu itapona. Nipe pole ya mtoto."

Mikono yake ikasimama ndani ya maji. Nje watu walikuwa wanashusha mabati na kila moja lililia likilazwa. Alitazama upande wa barabara, kisha upande wa mlango.

"Hilo halisemwi," akasema. "Tumbo lako."

"Najua."

"Wewe bado mdogo. Utapata wengine."

"Najua, mama. Ulimwona wewe peke yako. Nipe."

Nilidhani ananyanyuka aondoke, na sijui ningefanya nini baada ya hapo. Badala yake alijishusha kutoka kwenye kuchuchumaa, akakaa chini kabisa, kwenye udongo uliolowa, miguu ameinyoosha, namna wanawake wa kwetu wanavyokaa penye msiba. Bado alikuwa ameshika kisigino changu.

"Pole," akasema, kwa sauti ndogo sana. "Pole, mwanangu. Alikuwa na nywele nyingi. Nilizichana kwa kidole kabla sijamfunika."

Sikulia hata hapo. Niliinama, nikashika bega lake, na tukabaki hivyo mpaka maji yakapoa. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba wa kwake walikuwa wawili, kabla ya mume wangu kuzaliwa, na wa pili alikuwa na nywele kama zile.

"Na mimi nipe," akasema.

Nikampa ya wa kwanza, halafu nikampa ya wa pili.